Uchovu na Chupa ya Vitamini

Hatukukusudia kuleta habari za nyumbani kwetu katika kurasa hizi, maana desturi yetu ni kwamba mambo ya nyumbani hukaa nyumbani. Lakini mwenyewe aliyepatwa na jambo hili, yaani mama watoto, alipokwisha kupata nguvu alituambia, "Mwalimu, liandike. Wako wengi wanunuao chupa kama ile." Basi twaandika kwa idhini yake.

Sisi twakaa Bonde, katika wilaya ya Muheza, chini ya milima ya Usambara, katika nchi ya michungwa. Apitaye huku wakati wa mavuno huona machungwa yamelundikwa kando ya barabara kama kokoto, na mengine huoza yasipate mnunuzi. Twaomba mlikumbuke jambo hili la machungwa, maana tutalirudia, tena kwa aibu.

Mwaka 2022, mtoto wetu wa tatu alipokuwa amekwisha kuachishwa ziwa, mama watoto alianza kuchoka. Hapo kwanza alikuwa mtu wa kuamka kabla ya jogoo. Sisi tukiamka twakuta maji yamekwisha kutekwa, uji uko tayari na uwanja umefagiwa. Uchovu uliomshika haukuwa ule wa mtu aliyelima kutwa, ambao mtu hulala nao akaamka haupo. Huu alilala nao akaamka nao. Kijito chetu kiko bondeni, na njia ya kurudi yapanda. Zamani aliipanda na ndoo kichwani huku akiimba, lakini sasa akaanza kuitua ndoo mara moja, kisha mara mbili, kisha mara tatu, akasimama ameshika kiuno na moyo ukimpiga kama ngoma. Akiketi kupeta mchele, aliutafuna mbichi. Tena tuliona katika upindo wa kanga yake vipande vya udongo, ule uuzwao sokoni kwa akina mama wajawazito, ilhali yeye hakuwa na mimba. Haya yote tuliyatazama kwa macho, lakini hatukuyasoma.

Uji ukachelewa, nasi tukachelewa shuleni, na mkubwa wetu akaitazama saa yake mbele ya watoto. Siku ile tuliporudi nyumbani tulimwambia mama watoto neno ambalo tungependa kulifuta, walakini neno si chaki. Tulisema, "Siku hizi umekuwa mvivu." Hakujibu. Alichukua ndoo akashuka kijitoni.

Majirani nao walikuwa na maoni yao. Mmoja alisema ni mimba ya nne. Mama mkwe alisema ni jicho la watu, kwa sababu ya bati jipya la nyumba yetu. Sisi tuliosoma tukawacheka kidogo moyoni. Kumbe ujinga wetu ulikuwa njiani unakuja, tena umevaa koti jeupe.

Siku ya gulio alikuja mchuuzi wa dawa mwenye kipaza sauti. Alivaa koti jeupe kama tabibu, na juu ya meza yake alipanga chupa zenye picha ya mwanamume aliyetunisha misuli. Akanadi kwamba dawa ile ina vitamini zote, A mpaka zile tusizozijua, nayo huondoa uchovu, huongeza damu, husafisha mwili, na kurudisha ujana. Neno "vitamini" ndilo lililotunasa. Sisi hufundisha somo la chakula bora. Twachora ubaoni samaki, yai, chungwa na mchicha, na chini yake twaandika protini, wanga na vitamini. Mtu akilitaja neno ulifundishalo mwenyewe, wadhani amesema kweli katika mengine yote. Tukauza matenga ya machungwa, tukanunua chupa moja kwa shilingi 25,000.

Siku ya tatu mama watoto alituambia kwamba mkojo wake umekuwa wa manjano sana, kama bizari. Tukaogopa, tukamwendea mchuuzi. Akacheka, akasema, "Mwalimu, huo ndio uchafu unatoka! Uchovu unayeyuka." Tukarudi tumefurahi. Kwa muda wa juma moja mama watoto naye alisema aona nafuu, maana matumaini yana nguvu yake, ingawa ni ya siku chache. Tukanunua chupa ya pili. Tukanunua ya tatu.

Ilikuwa asubuhi, saa tatu, tukifundisha hesabu, binti wa jirani alipokuja mbio mpaka mlangoni pa darasa. Mama watoto ameanguka njia ya kijitoni. Ndoo imevingirika mpaka chini, na yeye haitiki. Hatukumbuki tuliwaambia nini watoto. Tulipofika alikuwa amefumbua macho, amelazwa kivulini, na midomo yake ilikuwa na rangi ya jivu. Tukamketisha juu ya pikipiki, katikati yetu na mwendeshaji, tukampeleka zahanati, na njia nzima tulisikia moyo wake ukienda mbio mgongoni mwa yule kijana hata yeye akageuka kututazama.

Muuguzi wa zahanati alikuwa mama mtu mzima. Tulimwamkia, akaitika, "Marahaba, wanangu," kisha hakusema neno tena mpaka alipokwisha kutazama. Alishusha kope ya chini kwa kidole akatazama ndani yake. Akakishika kiganja cha mgonjwa akakiweka kando ya kiganja chake mwenyewe, akatuonyesha: chake chekundu, kile kingine cheupe kama karatasi. Ndipo akauliza kwa upole, "Mwanangu, unakula udongo?" Mama watoto akainamisha kichwa. Sisi tulistaajabu amejuaje.

Akamchoma ncha ya kidole, akatia tone la damu katika mashine ndogo, na mashine ikaandika 6.9. Akatueleza kwamba hicho ndicho kipimo cha himoglobini, yaani kile kitu chekundu katika damu kichukuacho hewa safi kutoka mapafuni na kuipeleka kila mahali mwilini. Na kwamba mwanamke asiye na mimba yafaa awe na gramu 12 au zaidi katika kila desilita ya damu. Akipungukiwa chini ya 8, ni upungufu mkubwa. Mama watoto alikuwa akipanda kilima kile kila siku na damu iliyo karibu nusu ya ile impasayo. Tulikumbuka neno letu la uvivu, tukatazama sakafu.

Kwa haraka tukamwambia muuguzi kwamba dawa anatumia, tena ya gharama, tukatoa chupa mfukoni. Yeye akaigeuza, akaturudishia, akasema, "Mwalimu, soma wewe mwenyewe. Nitafutie humo madini ya chuma." Tukasoma herufi zile ndogo za ubavuni. Palikuwa na vitamini C, na vitamini B za namna nyingi, na A na D na E. Chuma hakikuwamo hata chembe. Miezi mitatu chupa hiyo imekaa juu ya meza ya mwalimu wa kusoma, wala mwalimu hakuisoma. Muuguzi akauliza, "Hivi Muheza siku hizi machungwa hayapatikani?" Hatukuwa na la kumjibu, maana ni machungwa yenyewe tuliyoyauza ili tununue vitamini C.

Na ile rangi ya manjano? Akasema ni vitamini B2 iliyozidi. Mwili huchukua haja yake na kuimwaga inayobaki, nayo kwa asili ni ya manjano. Si uchafu uliokuwa ukitoka, bali shilingi zetu.

Akatuandikia barua ya kwenda hospitali siku ile ile. Huko walipima choo wakaona mayai ya safura. Wazee wetu walilijua jina hili tangu zamani. Waliita safura ugonjwa wa mtu aliyepauka na kuchoka na kula udongo, na leo twaita hivyo minyoo yenyewe. Minyoo hii midogo huanguliwa katika udongo uliochafuliwa na choo cha watu, hupenya ngozi ya mguu usio na kiatu, husafiri katika damu mpaka mapafuni, hupanda kooni, humezwa, na mwisho hujishikiza katika utumbo ikanyonya damu. Mnyoo mmoja hunyonya kidogo sana kwa siku, lakini wakiwa wengi, na miezi ikipita, huikausha akiba yote ya chuma. Ongeza mimba tatu na kunyonyesha, na damu ya kila mwezi, na chakula ambacho nyama huonekana kwa msimu. Tundu lilikuwa chini ya mtungi, nasi tulikuwa tukiupaka mtungi rangi.

Hapa twataka kusimama kidogo tueleze vitamini ni kitu gani, maana hatupendi msomaji adhani twazitukana. Mwaka 1747 tabibu mmoja wa manowari ya Waingereza, James Lind, alikuwa na mabaharia wenye ugonjwa wa kiseyeye. Ugonjwa ule huanza kwa uchovu. Mtu hulegea, kisha fizi huvimba na kutoka damu, na mwisho hufa. Lind akachagua wagonjwa 12, akawagawa wawili wawili. Wawili akawapa siki, wawili maji ya bahari, wengine dawa nyingine za zamani zile, na wawili akawapa kila siku machungwa mawili na limau moja. Wale wa machungwa walipata nafuu upesi, na mmoja wao baada ya siku sita alikuwa tayari kurudi kazini. Hata hivyo serikali yao ilikawia mpaka mwaka 1795 kuamuru mabaharia wapewe maji ya malimau. Nalo jina "vitamini" lilitungwa baadaye, mwaka 1912, na Casimir Funk, kutokana na neno la Kilatini lenye maana ya uhai.

Basi angalieni. Wale mabaharia walikuwa wamechoka kwa kukosa kile kilichomo ndani ya chungwa, na chungwa likawainua. Kama wangekuwa wamechoka kwa homa ya malaria, wangekula machungwa ya Muheza yote wasiinuke. Vitamini haina nguvu ndani yake kama mafuta yalivyo na moto. Ni kama ule msumari mmoja uliopotea katika mlango. Ukitiwa msumari huo mlango hufunga, lakini mlango wenye misumari yake yote, ukiuongezea kumi hautafunga zaidi.

Tena nyingine zikizidi hudhuru. Vitamini C na zile za B mwili huzimwaga kwa wepesi, lakini A na D hukaa ndani, na A nyingi mno yaweza kumdhuru mtoto aliye tumboni. Chuma chenyewe, ambacho kilimwokoa mama watoto, si cha kuchezewa. Visiwani kwetu, huko Pemba, watoto wadogo wengi walipewa chuma pamoja na asidi ya foliki, wapimwe kama wataneemeka. Wataalamu wakaona kwamba katika nchi ile yenye malaria nyingi, waliopewa walilazwa hospitali na kufa zaidi kuliko wasiopewa, na kazi ile ya kuwapa chuma ikasimamishwa. Habari zake zilichapwa mwaka 2006 katika jarida la matabibu liitwalo The Lancet. Lakini katika wale waliopimwa damu wakaonekana kweli wamepungukiwa na chuma, dawa iliwafaa. Tangu tulipoisoma habari hii hatuwezi kumsikia mchuuzi akinadi "yafaa kwa wote" tusikumbuke Pemba.

Na uchovu una milango mingi. Yuko achokaye kwa malaria, au kifua kikuu, au virusi vya UKIMWI, au kisukari, au tezi ya shingoni isiyofanya kazi yake sawasawa. Yuko mzee ambaye tumbo lake haliwezi tena kuichukua vitamini B12, au mtu asiyegusa nyama wala yai wala maziwa wala samaki. Huyo atahitaji vitamini kweli, tena iliyo yake. Yuko mama mjamzito, ambaye kliniki humpa vidonge vya chuma na asidi ya foliki pasipo kungoja achoke. Na yuko ambaye moyo wake una huzuni ndefu, au halali usingizi wa kutosha. Wote hawa husema neno moja, "Nimechoka," na mchuuzi huwapa wote chupa moja.

Turudi kwa mama watoto. Tabibu wa hospitali aliwaza kama ampe damu, lakini alipoona akiketi anapumua vizuri, akaona vidonge vyatosha, ila akatuonya tumrudishe mara moja akizidiwa. Alimpa dawa ya minyoo, albendazoli ya miligramu 400, baada ya kupima na kuhakikisha kwamba hana mimba. Na vidonge vya chuma pamoja na asidi ya foliki. Alituonya pia kwamba choo kitakuwa cheusi, tusiogope, na kwamba tumbo laweza kuuma au kufunga. Akakaza neno moja kwa kidole: vidonge hivi vikae juu, mahali pasipofikiwa na watoto, maana vyafanana na peremende, na mtoto mdogo akivimeza vingi aweza kufa.

Kisha akauliza habari za chai. Huku kwetu mtu hali pasipo chai ya rangi. Maharage na chai, muhogo na chai, ugali na mchicha, kisha chai. Kumbe chai hukishika chuma kilichomo katika mboga na nafaka, kikapita tu. Yaweza kupunguza zaidi ya nusu ya kile ambacho mwili ungekipata. Chungwa au ndimu hutenda kinyume, hukifungulia mlango. Akatuambia chai inywewe mbali na chakula, saa moja au mbili, na chakula kifuatane na chungwa. Chuma cha nyama, maini na dagaa huingia mwilini kwa wepesi kuliko cha majani. Basi dagaa tulizokuwa tukiwapa paka kwa dharau zikapanda cheo.

Vita vya chai vilikuwa vikali kuliko vya minyoo. Mama mkwe alipokuja kumwuguza binti yake, aliandaliwa chakula na chungwa, akangoja. Akatazama jiko, akatutazama. Akasema, "Mkwe, nimekosa nini katika nyumba hii hata ninyimwe chai?" Tukamweleza habari za chuma. Akasema yeye amekunywa chai tangu enzi za Mwalimu Nyerere na chuma chake kipo. Hatukushindana naye, tulimpa chai yake saa kumi jioni, pamoja na muhogo, naye mpaka leo ahesabu jambo hili kuwa ubahili.

Baada ya majuma manne himoglobini ilikuwa 9.2. Udongo aliacha mwenyewe. Alisema siku moja aliuonja ukawa ni udongo tu. Baada ya miezi mitatu ilikuwa 12.1, nasi tulidhani kazi imekwisha, lakini tabibu akaamuru vidonge viendelee miezi mingine mitatu ili ghala lijae, maana damu hujazwa kwanza na akiba hujazwa baadaye. Wengi huacha hapo, wakarudi walikotoka. Katika muda huo tulichimba choo kipya chenye kifuniko, maana kile cha zamani kilikuwa kimebomoka nasi tulikuwa tukiahirisha, na tukanunua makubadhi kwa kila mguu wa nyumba yetu. Vyote hivyo pamoja na vidonge havikufika mbali sana na bei ya zile chupa tatu. Dawa ya minyoo sasa twapewa sote kwa wakati wake.

Chupa mbili zimepotea. Ya tatu mama watoto ameiweka mbegu za mchicha. Yule mwanamume mwenye misuli bado amesimama ubavuni, amefifia kwa jua.

Siku hizi maji twateka pamoja asubuhi kabla ya kengele ya shule. Juma lililopita tulikuwa twapanda kutoka kijitoni, kila mtu na ndoo yake, na tulipofika pale penye mwembe tukaitua yetu ili tupumzike kidogo. Yeye akatupita na ndoo yake kichwani, hakuitua, wala hakugeuka. Alisema tu, "Mwalimu, siku hizi umekuwa mvivu."